Klipu Ikipotea, Nafasi Yake Isifutwe

Vikao vya kukusanya maoni ya umma kuhusu bajeti na miswada ya kaunti siku hizi mara nyingi hurekodiwa kwa video. Anayerekodi anaweza kuwa afisa wa mawasiliano, kijana wa wadi aliyepewa kazi ya siku moja, au mkaazi aliyeinua simu yake kutoka safu ya nyuma. Vipande hivyo huishia kwa mtu mmoja, mbele ya kompyuta moja, anayetakiwa kuviunganisha ili wale ambao hawakufika ukumbini waone kilichosemwa.

Akishaifanya kazi hiyo kwa muda, kuna asubuhi ambayo hawezi kuikwepa. Anafungua kazi aliyoiacha jana ikiwa nzima, na pale alipokuwa mama akieleza kwa nini kisima cha kijiji chao hakitoi maji, sasa pana rangi nyekundu na maneno ya Kiingereza “Media Offline”. Mama hayupo. Sauti yake pia haipo.

Yanayofanywa katika dakika chache zinazofuata ndiyo huamua kama maneno ya mama huyo yatarudi. Wapo wanaofuta sehemu nyekundu na kuvuta vipande vilivyosalia vikutane. Video inakuwa fupi kwa dakika mbili na hakuna anayejua. Wapo wanaoziba pengo kwa picha za kikao kingine. Na wapo wanaofunga kompyuta na kumpigia mkubwa wao simu kumwambia kwamba video imepotea. Wote hao wamefanya haraka, kwa sababu rangi nyekundu haimaanishi kwamba picha zimepotea. Inamaanisha kwamba programu haijui ziliko.

Faili ya uhariri haibebi picha

Programu za kuhariri video, iwe ni Premiere Pro ya kampuni ya Adobe, DaVinci Resolve ya Blackmagic Design au Kdenlive ambayo haina malipo, zinafanana katika jambo moja. Mhariri akihifadhi kazi yake, picha haziingii ndani ya kinachohifadhiwa. Kinachoingia ni maelezo: klipu fulani iko kwenye folda fulani ya diski fulani, ianze kuonekana kutoka sekunde ya 40, ikome dakika ya 2, iwekwe hapa, iongezwe mwanga, ipunguzwe sauti. Ni kama ratiba ya mkutano wa hadhara. Ratiba hutaja nani atazungumza, saa ngapi na kwa muda gani, lakini msemaji mwenyewe hayumo ndani ya karatasi.

Ndiyo maana faili ya uhariri yenye megabaiti chache inaweza kusimamia picha za gigabaiti mia kadhaa. Faili ya Kdenlive ni maandishi tu. Anayetaka anaweza kuifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na kusoma mwenyewe anwani ya kila klipu. Resolve nayo huweka maelezo yake katika hifadhidata, si katika faili ambayo mtumiaji huiona kando ya picha zake. Hilo huwashtua wengi waliodhani kwamba wakinakili folda ya picha wamenakili kazi yote.

Anwani ikibadilika, programu hupotea njia. Folda iliyoitwa “Bajeti” imepewa jina “Bajeti Mpya”. Diski ya nje ambayo jana Windows iliipa herufi E leo imepewa F, kwa kuwa kuna flashi iliyotangulia kuchomekwa. Mfanyakazi mwenza amehamisha video ili apate nafasi ya kuweka ripoti zake. Katika hali zote hizo picha ziko salama, na kazi iliyobaki ni kuionyesha programu zilikohamia.

Hali mbaya ni ile ya mhariri aliyefanya kazi moja kwa moja kutoka kwenye kadi ya kamera bila kunakili picha kwanza kwenye kompyuta. Kadi ikirudishwa kwenye kamera na kufutwa ili irekodi shughuli ya kesho, hakuna pa kuelekeza.

Kuna pia kosa dogo linalowapata hata wenye uzoefu. Kadi zilizoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 haziwezi kubeba faili moja inayofikia gigabaiti 4, kwa hivyo kamera hukata hotuba ndefu katika faili mbili au tatu zinazofuatana. Anayenakili haraka huchukua ya kwanza akidhani ndiyo hotuba nzima. Anapohariri anakuta msemaji amekatwa katikati ya sentensi, na wakati huo kadi huenda imeshatumika tena.

Mtungi kwenye foleni

Anayechota maji penye foleni ndefu anaijua kazi ya kishika nafasi. Mtungi huachwa kwenye mstari, mwenyewe akaenda kumpeleka mtoto shule. Hakuna anayeudhania mtungi kuwa mtu, lakini kila mmoja anaheshimu kwamba nafasi ile ina mwenyewe, na akirudi haanzi mwisho wa foleni.

Faili ya kushika nafasi katika video ni mtungi wa namna hiyo. Inakaa mahali pa klipu isiyopatikana, ina urefu uleule, na inahifadhi kila uamuzi ambao mhariri alishaufanya juu ya klipu hiyo: ilipokatwa, jinsi inavyoungana na ile inayoifuata, marekebisho ya rangi, jina la msemaji lililoandikwa chini. Picha zikipatikana, zinaingia mahali pake na uamuzi wote huo unabaki. Aliyefuta sehemu nyekundu hana tena mahali pa kuziingiza. Hata akiipata klipu saa moja baadaye, atakaa tena kutafuta ilianzia wapi na kukomea wapi.

Kila programu ina namna yake. Premiere Pro ikifungua kazi yenye klipu zisizoonekana, huuliza ziko wapi. Mhariri anaweza kuzitafuta hapo hapo au kuziacha kwanza, na zikiachwa zitaonekana kwa rangi nyekundu huku nafasi zikibaki. Kdenlive huonyesha orodha ya klipu zinazokosekana na kutoa njia tatu: kutafuta ndani ya folda fulani pamoja na folda zote zilizomo ndani yake, kuweka kishika nafasi, au kuiondoa klipu kabisa. Njia ya tatu ndiyo ya kuogopwa, na bahati mbaya ni kwamba kwa mtu mwenye haraka ndiyo inayofanya orodha ya makosa itoweke upesi zaidi.

After Effects, inayotumiwa zaidi kwa maandishi na michoro inayotembea, huweka picha ya mistari ya rangi, kama ile ambayo runinga zilikuwa zikionyesha kabla ya matangazo kuanza. Jina la klipu inayokosekana huandikwa kwa herufi za mlazo. Madoido yote yaliyowekwa juu yake hubaki, na picha halisi ikirudishwa mara moja, inaonekana kila mahali ilipokuwa imetumika katika kazi hiyo.

Kabla ya lolote katika hayo, faili ya uhariri inakiliwe kwa jina jingine lenye tarehe. Inachukua sekunde chache, na mhariri akibonyeza pasipofaa bado ana nakala ya jana.

Kushika nafasi kwa makusudi

Matumizi bora ya vishika nafasi hayahusu ajali hata kidogo. Ni pale mhariri anapojua kwamba picha zipo lakini hazijamfikia. Tuseme kikao kilifanyika katika wadi tatu siku moja. Picha za wadi mbili zimefika, za wadi ya tatu ziko ndani ya bahasha kwenye matatu, na video inatakiwa kesho. Hana haja ya kungoja. Anaweza kutengeneza kishika nafasi cha dakika tatu, akakiweka mahali pa wadi ya tatu, na kuendelea na kazi iliyobaki. Premiere Pro na After Effects zina amri maalumu ya kukitengeneza. Katika programu isiyo na amri hiyo, picha moja ya rangi tupu yenye maandishi inatosha.

Maandishi hayo ndiyo yanayopuuzwa sana, na ndiyo yenye faida kubwa. Kishika nafasi kilichoandikwa “picha hapa” hakimsaidii mtu yeyote baada ya wiki mbili. Kiandikwe wadi, ukumbi, tarehe ya kikao, nani anatarajiwa kuonekana na anazungumzia nini, picha ziko kwa nani, na jina la faili yenyewe kama linajulikana. Mhariri akiugua au akihamishwa, anayechukua kiti chake anajua ampigie nani simu.

Urefu nao usikisiwe ovyo. Ikiwa kuna rekodi ya sauti au kumbukumbu zilizoandikwa na karani wa kikao, urefu wa hotuba utolewe humo. Kasi ya picha iangaliwe pia. Kamera nyingi nchini hupangwa picha 25 kwa sekunde, kasi iliyorithiwa kutoka mfumo wa runinga wa PAL, ilhali simu nyingi hurekodi 30. Kishika nafasi kikitengenezwa kwa kasi moja na klipu ikaja na nyingine, mikato inaweza kusogea, na maneno ya msemaji yakakatwa kabla hajamaliza. Kuna pia wale wanaoshika simu wima. Ikiwa klipu inayosubiriwa ni ya simu iliyoshikwa hivyo, heri ijulikane mapema, kabla mapambo yote hayajapangwa kwa picha pana.

Jina moja, watu wawili

Klipu zikipatikana, kuna hatari ambayo haina rangi nyekundu ya kuonya, na hii ndiyo inayostahili uangalifu kuliko zote.

Kamera hutaja faili zake kwa nambari, na baadhi huanza upya zinapowekewa kadi mpya. Kamera mbili za aina moja katika wadi mbili tofauti zinaweza zote kutoa faili iitwayo C0001.MP4. Mhariri akiielekeza programu kwenye folda isiyo sahihi, nayo ikawa inalinganisha majina tu, itaikubali faili hiyo bila swali. Nyekundu inatoweka na kila mtu anashusha pumzi. Lakini pale alipokuwa mama wa kisima, sasa anaonekana mtu wa wadi nyingine akipinga ada za soko, na chini yake bado limeandikwa jina la mama na kijiji chake.

Kosa kama hilo likichapishwa kwenye ukurasa wa kaunti, si la kiufundi tena. Mtu amebebeshwa maneno ambayo hakuyasema, katika jambo la umma. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sehemu ya pili ya kifungu hicho inampa kila mtu haki ya kutaka habari zisizo za kweli au za kupotosha zinazomhusu zirekebishwe au zifutwe. Kifungu cha 196 nacho kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki wa umma katika shughuli zake. Video ya kikao ambamo wasemaji wamechanganywa haiwezi kuonyesha kwamba ushiriki huo ulifanyika ipasavyo.

Kwa hivyo kila klipu inayorudishwa itazamwe, si ihesabiwe tu. Urefu wake ulingane na ule uliokuwepo. Maneno ya kwanza na ya mwisho yasikilizwe. Ukuta, bango au miti iliyo nyuma ya msemaji ilingane na mahali panapotajwa. Kazi ya klipu ishirini inaweza kukaguliwa hivi ndani ya nusu saa. Kdenlive hupunguza hatari kidogo, kwani inapotafuta klipu hulinganisha pia ukubwa wa faili na alama ya utambulisho iliyotokana na yaliyomo ndani yake, hata inaweza kuitambua faili iliyobadilishwa jina. Premiere Pro nayo huruhusu mhariri kuongeza vigezo vya kulinganisha zaidi ya jina. Dawa ya mapema ni nyepesi zaidi: kila kadi inakiliwe katika folda yake yenye jina la wadi, tarehe na kamera, na faili zenyewe zipewe majina mapya kabla ya uhariri kuanza. Baada ya uhariri kuanza, majina yasiguswe.

Video zinazotumwa kwa WhatsApp zina shida yake. Zinapopita humo kwa njia ya kawaida hupunguzwa ubora na kupewa jina jipya, kwa mfano linaloanza kwa VID likifuatwa na tarehe na herufi WA. Ubaya ni kwamba hiyo ni tarehe ya WhatsApp, haiwi lazima siku ambayo video ilirekodiwa. Klipu ya namna hiyo haifai kuchukuliwa kama ya asili. Inafaa kama kishika nafasi chenye picha: mhariri anaweza kukata na kupanga kwa kuitumia, kisha akaweka ya asili inapofika kwa flashi. Anayelazimika kutuma kwa WhatsApp aitume kama hati. Faili itafika bila kubanwa.

Zikikosekana kabisa

Ikiwa kadi imefutwa, jambo la kwanza ni kuitoa kwenye kamera na kutorekodi kitu kingine juu yake. Picha zilizofutwa mara nyingi bado zimo hadi nyingine ziandikwe mahali pake. Programu ya bure iitwayo PhotoRec inaweza kuzichimbua, na ziwekwe kwenye diski nyingine, si kwenye kadi hiyo hiyo. Faili zinazopatikana kwa njia hii kwa kawaida hurudi bila majina yake ya awali, na faili ndefu za video pengine hurudi zikiwa na mapengo. Hapo vishika nafasi vilivyoandikwa vizuri huwa na thamani, kwa sababu ndivyo vinavyosema kilichokuwa wapi.

Zisipopatikana, bado kuna la kufanya mbali na kufuta. Ikiwa sauti ya kikao ilirekodiwa kando, iachwe isikike, na juu yake iwekwe picha mnato ya ukumbi siku hiyo, yenye maandishi kwamba picha za video za sehemu hii hazikupatikana na kwamba sauti ni ya kikao chenyewe. Kama hata sauti haipo, maandishi machache yanatosha kutaja nani alizungumza na kuhusu nini, kwa mujibu wa kumbukumbu za karani. Mtazamaji anayeambiwa hivyo hadanganywi.

Wahifadhi wa filamu walikuwa wakifanya hivyo muda mrefu. Filamu ya Kijerumani Metropolis ya Fritz Lang ilionyeshwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1927, kisha ikakatwa, na sehemu kubwa ikaaminika kuwa imepotea. Walioitengeneza upya mwaka 2001 hawakuunganisha vipande vilivyobaki kana kwamba hakuna kilichotoka; waliweka maandishi ya kueleza matukio yaliyokosekana. Mwaka 2008 ikapatikana nakala huko Buenos Aires, Argentina, yenye takriban dakika 25 za ziada. Nakala hiyo ilikuwa na mikwaruzo na picha yake ilikuwa ndogo, nayo ikaingizwa hivyo hivyo ili mtazamaji atambue sehemu zilizorejeshwa. Toleo hilo lilionyeshwa Berlin Februari 2010. Vipande vichache ambavyo havikufaa kabisa bado vina maandishi mahali pake.

Kwa kazi za kaunti kuna sababu nyingine ya kutunza picha za asili hata baada ya video kukamilika. Rekodi ya kielektroniki ikihitajika mahakamani, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinahusu cheti kinachoeleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Video iliyohaririwa, yenye muziki na majina, haichukui nafasi ya klipu iliyotoka kwenye kamera.

Kabla ya kupakia mtandaoni

Programu inaweza kutoa video iliyokamilika ikiwa na kishika nafasi ndani yake, na rangi nyekundu ikaonekana kwenye simu za maelfu ya watu. Video itazamwe yote kutoka mwanzo hadi mwisho baada ya kutolewa, si kwenye programu ya uhariri bali kama mkaazi atakavyoiona, kwenye simu. Ni vyema anayetazama awe mtu aliyekuwa kwenye kikao.

Baada ya hapo kazi ikusanywe mahali pamoja. Premiere Pro, Resolve, After Effects na Kdenlive zote zina amri ya kukusanya faili ya uhariri na klipu zake zote kwenye folda au kifurushi kimoja, anwani zikiwa zimerekebishwa. Kifurushi hicho kinakiliwe kwenye diski mbili zisizowekwa katika chumba kimoja, na moja ifunguliwe kwenye kompyuta nyingine kuona kama kuna chekundu. Kadi ya kamera isifutwe kabla ya siku hiyo.